Jungu Kuu Halikosi Ukoko: Upishi wa Nyumbani Hapa Isiolo

Katika jarida la chama chetu tumezoea kusoma juu ya ngeli, methali na washairi wa pwani. Mwaka huu naomba niwapeleke mahali ambapo wengi wetu hupita kila siku bila kupachunguza, nako ni jikoni kwa mama. Swali ninalotaka kulijibu ni hili: je, chakula cha nyumbani ni cha kujaza tumbo tu, au kuna jambo jingine ndani ya chungu?

Nimelichagua somo hili kwa sababu ya maneno ninayoyasikia bwenini. Mwenzetu akirudi kutoka likizo na kopo la koche, hakosi mtu wa kumcheka, ati hicho ni chakula cha porini, cha watu wasiojua friji. Nami nasema, polepole jamani. Huyo asiyejua friji alijua kuhifadhi nyama miezi kadhaa bila stima. Sisi tunaojua friji, stima ikipotea siku mbili tu, nyama yetu inanuka. Nani basi wa kuchekwa?

MAHALI PETU NA SHIDA YAKE

Ili tuuelewe upishi wa watu, hatuna budi kwanza kuielewa nchi yao. Isiolo ni nchi kavu. Mvua tunaitarajia mara mbili kwa mwaka: ile ya Machi hadi Mei, ambayo Waborana huiita ganna, na ile ya Oktoba hadi Desemba, yaani hagaya. Mvua ikinyesha vizuri, majani huota, ng'ombe wanashiba, na maziwa huwa mengi hata watu hushindwa kuyamaliza. Mvua ikikosa, chuchu hukauka na watoto hulala na njaa.

Kwa hiyo mfugaji ana shida mbili. Ya kwanza: nitafanyaje ili wingi wa leo unifae siku ya ukosefu? Ya pili: nikikosa mimi na jirani yangu anacho, nitapataje? Ndugu msomaji, shikilia maswali haya mawili, la kuhifadhi na la kugawana. Ukiyashikilia, utaona kwamba karibu kila chakula cha asili cha hapa kwetu ni jibu la mojawapo, na mara nyingine la yote mawili.

MAZIWA NA MOSHI

Tuanze na maziwa, maana kwa mfugaji maziwa ndiyo chakula cha kwanza. Ng'ombe huchinjwa siku moja tu, lakini hukamuliwa kila siku. Waborana huyaita maziwa aanan. Vyombo vyake vya asili si vya plastiki wala vya bati. Kuna gorfa na chicho, vyombo ambavyo wanawake husuka kwa nyuzi za mizizi, uzi juu ya uzi, mpaka chombo kikawa hakivuji hata tone. Kazi hiyo huchukua siku nyingi na hutaka macho na subira.

Kabla maziwa hayajatiwa, chombo hufukizwa. Huchukuliwa kijinga chenye makaa mekundu cha mti uliochaguliwa, kwa mfano mzeituni wa mwituni ambao Waborana huuita ejersa. Kijinga hicho huingizwa ndani ya chombo, kifuniko hufungwa, chombo hutikiswatikiswa, na moshi huenea kila pembe. Kisha makaa hutolewa na ndani hupanguswa vizuri. Si kila mti unafaa. Miti mingine huleta uchungu, na mama anayejua kazi yake hachukui kuni yoyote tu iliyo karibu.

Faida za kufukiza ni tatu. Kwanza, joto na moshi hupunguza vijidudu vilivyomo chomboni. Mwalimu wetu wa Baiolojia atakubali kwamba ndani ya moshi wa kuni mna kemikali zinazozuia bakteria kuzaana. Pili, maziwa hukaa zaidi na yakiganda huganda vizuri, yakawa maziwa lala mazuri. Tatu, ni ile ladha. Aliyelelewa kwa maziwa ya moshi akinywa yale ya pakiti huona kama anakunywa maji meupe.

Hapa lakini naomba niseme wazi, kusudi mtu asije akanielewa vibaya. Moshi hauchukui nafasi ya kuchemsha. Ugonjwa wa brusela hupatikana kwa kunywa maziwa mabichi ya mnyama mgonjwa, na moshi hauwezi kuutibu. Basi tuchemshe maziwa, kisha tuyatie katika chombo kilichofukizwa. Elimu ya nyumbani na elimu ya darasani si maadui.

Maziwa yakiganda hutikiswa mpaka siagi ijitenge. Siagi ikichemshwa juu ya moto mdogo, maji yake yakaisha na takataka zikaondolewa, inakuwa samli. Samli hukaa miezi. Tazameni basi safari hiyo: maziwa mabichi hukaa saa chache, maziwa lala hukaa siku kadhaa, na samli hukaa miezi. Huko ni kuhifadhi kwa ngazi tatu, tena bila mtambo wowote.

KOCHE: AKIBA HAIOZI

Wahenga walisema akiba haiozi. Mimi nadhani aliyeitunga methali hiyo alikuwa amewahi kula koche! Watu wengi wa kaskazini mwa Kenya huijua pia kwa jina la nyirinyiri, na Wasomali wana majina yao kama odka na mukmad. Namna ya kuitengeneza ni hivi:

1. Chagua nyama isiyo na mifupa wala mafuta mengi. Ikate vipande virefu vyembamba kama kamba.

2. Vitundike juu ya kamba mahali penye upepo, mbali na vumbi na nzi, mpaka vikauke kiasi. Usiviache vikawa vikavu kama kuni.

3. Vikate tena vipande vidogo vidogo, vyenye ukubwa wa punje ya mahindi au kuzidi kidogo.

4. Injika sufuria, tia mafuta, na ukaange polepole huku ukikoroga. Usiharakishe moto. Shabaha yako ni maji yote yatoke ndani ya nyama. Utajua yamekwisha pale mlio wa kukaanga utakapopungua. Wengine hutia iliki au kitunguu saumu.

5. Epua, acha ipoe, tia katika chombo kikavu kabisa, kisha mwagia samli mpaka nyama yote izame.

Siri imo katika mambo mawili: maji yametolewa, na hewa imezuiwa na samli. Kijidudu hakina maji wala hewa, kitaishi vipi? Koche iliyotengenezwa vizuri hukaa miezi mingi. Ndicho chakula cha msafiri. Vijana wanaokwenda fora, yaani kambi za mbali za mifugo, hubeba koche kwa sababu haihitaji kupikwa tena. Mikono miwili na njaa vinatosha.

Tena koche ni chakula cha mgeni. Nyumba yenye koche haiaibiki. Mgeni akibisha hodi usiku wa manane, moto umezimwa na maduka yamefungwa, mama huchota vijiko viwili vitatu, anaandaa chai, na mambo yamekwisha. Hapo unaona kuhifadhi na kugawana vikikutana katika kopo moja.

BUNA: KAHAWA INAYOTAFUNWA

Chakula cha tatu kina maana kuliko wingi. Ni buna, yaani kahawa. Usifikirie ile ya unga ya kwenye kikombe. Waborana hutumia buni nzima pamoja na ganda lake. Buni huoshwa, ncha zake hubanduliwa moja moja, nyingi kwa meno, kisha hutiwa katika samli au siagi iliyo moto. Zinapopata joto hulia pa! pa! na harufu yake hujaza nyumba. Baadaye huongezwa maziwa, na wengine hutia sukari. Watu hunywa yale maziwa na kuzitafuna buni, na mafuta yake hupakwa usoni au kichwani kuwa baraka.

Jina kamili ni buna qalaa. Katika lugha ya Kioromo, ambayo Kiborana ni tawi lake, neno hilo la pili linahusiana na kuchinja. Yaani kahawa inachinjwa, kama vile mnyama wa sadaka anavyochinjwa. Jambo hili lilinishangaza sana nilipolijua. Maana yake ni kwamba hata asiye na mbuzi wa kuchinja anaweza kutoa sadaka kwa kiganja cha buni. Maskini naye ana mlango wa kuingilia katika ibada.

Buna huandaliwa mtoto akizaliwa, msafiri akiondoka, watu wakipatana baada ya ugomvi, au mvua ikiombwa. Mzee huomba, na wote huitikia. Neno linalorudiwa zaidi ni nagaa, maana yake amani. Kahawa yenyewe haioti Isiolo. Hutoka kwa wakulima wa nyanda za juu. Kwa hiyo chakula tunachokitumia kuombea amani hutujia kutoka kwa jirani. Kama jirani si rafiki, buna haipatikani. Nadhani hilo halihitaji maelezo.

JIKONI KWA JIRANI

Mji wetu si wa kabila moja. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, askari wa Kisomali waliotumikia jeshi la Waingereza walipewa nafasi ya kukaa Isiolo. Wengi wao asili yao ilikuwa kaskazini mwa nchi ya Wasomali, ng'ambo ya Aden. Kabla yao na baada yao walikuwako Waborana, Wasamburu, Waturkana na Wameru. Kila mmoja alikuja na mafiga yake.

Kwa Wasomali utakuta anjera. Unga hukorogwa na kuachwa uchachuke usiku kucha, asubuhi ukamwagwa juu ya kikaango kwa mzunguko kutoka katikati kwenda nje. Huliwa na chai, samli au mchuzi. Wali wao wa nyama huletwa na ndizi mbivu pembeni, na mgeni asiyejua hudhani ndizi ni ya baadaye! Kuna pia maziwa ya ngamia yaliyochachuka, yaitwayo susa. Maziwa ya ngamia yana vitamini C nyingi kuliko ya ng'ombe, jambo kubwa katika nchi yenye matunda machache.

Wasomali wa kaskazini wana desturi ya arusi iitwayo hedho (wenyewe huandika xeedho). Nyama iliyokaangwa na kuzamishwa katika samli hutiwa ndani ya chombo, kikafunikwa kwa vitambaa na kufungwa kwa kamba yenye mafundo mengi ya hila. Watu wa upande wa bwana arusi hutakiwa kukifungua bila kukata kamba. Wakishindwa hutozwa faini, na vicheko haviishi. Mnaona? Nyama ile ile ya akiba imekuwa mtihani wa akili na kiungo cha koo mbili.

Waturkana nao hukausha maziwa juani mpaka yakawa kama unga, nayo huitwa edodo. Kwa msafiri ni mzigo mwepesi sana. Wanajua pia kula kutoka porini: eengol, tunda la mkoma unaoota kando ya mito kama Ewaso Nyiro, na ekalale, ambalo kwa Kiswahili ni kunazi. Mwaka wa njaa, matunda hayo yameokoa maisha ya wengi.

Kwa Wasamburu, moran hali peke yake. Hata akiwa na kiu namna gani, hanywi maziwa bila mwenzake wa rika. Tena nyama iliyoonwa na mwanamke aliyeolewa, kwake ni mwiko. Unaweza kuyaona haya kuwa ni masharti tu, lakini yana kazi yake. Kijana mwenye nguvu akizuiwa kula nyumbani, chakula kilichopo hubakia kwa watoto na akina mama.

Wameru huteremka sokoni na mahindi, maharagwe, ndizi na mboga, na jikoni kwao kuna githeri na mukimo. Tangu zamani mfugaji na mkulima wamebadilishana, huyu kwa maziwa na mifugo, yule kwa nafaka. Figa moja haliinjiki chungu.

Bila shaka kila jikoni lina mipaka yake. Wako wanaochanganya maziwa na damu wakati wa kiangazi, na kwa Mwislamu damu ni haramu. Kuijua mipaka ya jirani ni sehemu ya adabu ya kula naye.

UNGA ULIVYOINGIA

Sasa nakuja kwenye jambo linaloniuma. Kama upishi huu una akili kiasi hiki, mbona unapotea?

Wengine husema ni kwa sababu vijana wanapenda mambo ya kisasa. Hilo lina ukweli wake, lakini si chanzo. Chanzo ni mifugo kuondoka. Kati ya 1963 na 1967 nchi yetu ya kaskazini ilikuwa katika vita vya shifta. Watu walikusanywa katika vijiji vya ulinzi, kama vile Garba Tulla, Merti na Modogashe, wakakatazwa kuhamahama. Ng'ombe na ngamia wakafa au wakapotea kwa wingi sana. Waborana wa huku hukiita kipindi hicho gaaf Daba, wakati wa kusimamishwa. Mfugaji aliyesimamishwa mahali pamoja atalisha nini mifugo yake?

Watu walipotoka vijijini humo, wengi hawakuwa na kitu. Ndipo chakula cha msaada kikazoeleka: unga wa mahindi, maharagwe, mafuta ya kopo. Katika miaka ya 1970 ilianzishwa miradi ya kilimo cha umwagiliaji kandokando ya Ewaso Nyiro, kama pale Merti na Malka Daka, na baadhi ya waliokuwa wafugaji wakashika jembe. Ukame wa 1984 ukamaliza mifugo mingine. Halafu hivi majuzi, kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mapema 2023, misimu mitano ya mvua ilifuatana ikikosa. Katika maeneo makavu ya Kenya ilikufa mifugo zaidi ya milioni 2.

Likizo moja nilimwomba nyanya yangu, ambaye sisi humwita Akoo, anifundishe kutengeneza koche. Alinitazama kwa muda, kisha akasema:

"Mjukuu wangu, nikufundishe kwa nyama gani? Ng'ombe wamekwisha."

Nikamwambia, "Akoo, tununue buchani."

Akacheka. "Ya kununua! Koche ni ya nyama iliyozidi. Nyama ya kununua ina uzidi gani?"

Maneno hayo nimeyafikiria sana. Akoo alikuwa na haki. Koche ilizaliwa na wingi, na wingi haupo. Huwezi kumlaumu msichana wa mjini kwa kutojua kufukiza gorfa kama hajawahi kuona ng'ombe wa nyumbani kwao akikamuliwa. Kila mfugo unapokufa, tunapoteza mali, na papo hapo tunafunga darasa.

Hata hivyo tulinunua kilo mbili, naye akanifundisha. Tulipata kopo moja dogo tu. Alipolifunika alisema jambo jingine ambalo kwangu lilikuwa jibu: "Ng'ombe wakirudi, angalau mikono itakuwa inajua." Yaani ujuzi wenyewe nao ni akiba. Watu waliopoteza mifugo wanaweza kuipata tena mvua zikija, kama walivyofanya baba zetu baada ya vita. Lakini wakipoteza ujuzi, hata ng'ombe mia wakirudi, maziwa yataharibika na nyama itaoza.

Tena ujuzi huo una pesa. Wanawake wa hapa mjini, wakiwemo wa ushirika wa Anolei, wamejulikana kwa kukusanya maziwa ya ngamia kutoka mashambani na kuyapeleka Nairobi, hasa Eastleigh. Kinachowafanya wafaulu ni kujua maziwa yanavyotunzwa njiani katika joto hili letu. Na hilo hawakulipata chuoni, bali kwa mama zao.

WENZETU WA MBALI

Mtu asidhani kwamba haya ni mawazo ya watu wa Isiolo peke yao. Huko Ulaya, mpakani mwa Uhispania na Ufaransa, kuna watu waitwao Wabaski. Lugha yao haina udugu na lugha nyingine yoyote inayojulikana. Wakati wa utawala wa Jenerali Franco, kuanzia 1939 hadi 1975, lugha hiyo ilizuiwa shuleni na ofisini. Ikabaki kusemwa majumbani, pamoja na majina ya vyakula vyao. Mojawapo ya vyakula hivyo ni samaki wa chumvi aliyekaushwa, bakailao, ambaye huloweshwa na kupikwa kwa mafuta ya zeituni na kitunguu saumu. Kingine ni marmitako, mchuzi wa jodari uliopikwa na wavuvi chomboni baharini. Maana ya jina lake ni "kutoka chunguni". Wavuvi wao na wafugaji wetu hawajapata kuonana, lakini shida yao ilikuwa moja: safari ndefu na chakula kisichooza.

Barani kwetu pia watu wameamka. Mwaka 2017 shirika la UNESCO liliutia nsima wa Malawi, ambao ni ndugu wa ugali wetu, katika orodha ya urithi wa binadamu. Mwaka 2021 likautia wali wa samaki wa Senegal uitwao ceebu jën. Mwaka huo huo Kenya yetu ilisifiwa kwa kazi iliyoanza 2007 ya kuorodhesha vyakula vya asili, ambamo mimea kama 850 iliandikwa pamoja na majina yake ya kienyeji, na watoto wa shule za msingi wakashirikishwa kukusanya habari. Watoto wa msingi! Sisi wa sekondari tunangoja nini?

MANENO YA JIKONI

Kwa kuwa hiki ni chama cha Kiswahili, siwezi kuondoka jikoni bila kuyagusa maneno. Wengi wetu hutumia kitenzi kimoja tu, kupika, kwa kila kitu. Kumbe Kiswahili kina hazina kubwa. Chungu huinjikwa au huteleka, na kikiiva huepuliwa. Mahindi na maharagwe hutokoswa. Nyama hubanikwa juu ya makaa. Ugali husongwa. Mchuzi huungwa kwa vitunguu na viungo. Wali ukikaribia kuiva hupaliwa makaa juu ya kifuniko. Chombo cha maziwa hufukizwa. Chakula kilicholala ni kiporo, na kinachogandamana chini ya chungu ni ukoko.

Neno ninalolipenda kuliko yote ni mwiko. Mwiko ni kile kijiti kipana cha kusongea ugali. Mwiko pia ni jambo lililokatazwa. Mama anapoushika mwiko, anashika chombo cha kupikia, na yeye huyo ndiye anayewafundisha watoto lipi lililiwe, na nani, na lipi lisiguswe. Lugha imeweka mpishi na sheria katika neno moja.

Lakini angalieni jambo hili. Gorfa, chicho, koche, buna na edodo hayana maneno ya Kiswahili yanayolingana nayo sawasawa. Watu wa pwani hawakuwa na vitu hivyo. Sisi wa Isiolo, tunaoishi na lugha tano mtaani, ndio tunaoweza kuyaingiza. Kiswahili kilipokea chapati, sambusa na anjera, kwa nini kisipokee koche?

TUFANYE NINI?

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila mwanachama akienda likizo amwulize mzee mmoja juu ya chakula kimoja: kinaitwaje, hutengenezwaje, huliwa lini, na nani hukatazwa kukila. Aandike kwa Kiswahili na alete chamani, tuwe na daftari moja la mapishi ya Isiolo. Pili, wavulana wasiikwepe kazi hii. Huko fora anayetunza maziwa na chakula ni kijana wa kiume, hivyo jikoni si aibu kwa mwanamume. Tatu, tukipata idhini ya mwalimu mlezi, tufanye siku moja ya chakula, kila jamii ilete chake na kueleza maana yake kabla hatujala. Namjua mtu mwenye njaa hapendi hotuba, kwa hiyo maelezo yawe mafupi.

Kuhusu wanaocheka koche bwenini, dawa yao ninayo. Wapeni kijiko kimoja waonje. Nimeijaribu, na kopo langu liliisha siku ile ile.

Wazee bado wapo, na jungu kuu halikosi ukoko. Lakini ukoko hukwanguliwa chungu kingali na joto. Kikipoa, hung'ang'ania.

MASWALI YA KUJADILI

1. Eleza sababu mbili zinazofanya koche isioze upesi.

2. "Ujuzi nao ni akiba." Jadili kauli hii ukitumia mifano ya kwenu.

3. Taja vitenzi vitano vya upishi vilivyotumiwa katika makala haya, na utunge sentensi kwa kila kimoja.

4. Neno mwiko lina maana mbili. Tafuta maneno mengine mawili ya jikoni au ya nyumbani yenye maana zaidi ya moja.

5. Je, ni chakula gani cha kwenu ambacho hakina jina la Kiswahili? Ungekielezaje kwa mtu wa Lamu au wa Kigoma asiyewahi kukiona?